Barua ya wazi kwa wahariri: Kengele ya Soko la Hisa ikishagongwa, mnakwenda wapi?

Kwa:
Wahariri Wakuu na Wahariri wa Habari za Biashara,
Magazeti, redio, televisheni na vyombo vya mtandaoni,
Tanzania.

YAH: MNAVYORIPOTI HATIFUNGANI ZA KIJANI, BIASHARA YA KABONI NA FEDHA ZA TABIANCHI

Ndugu Wahariri,

Husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tanga mjini. Wanachama wetu ni wauza samaki, mafundi cherehani, walimu wawili watatu na wastaafu. Tukikutana, hisa na marejesho yakishahesabiwa, yanafuata maswali. Hii hatifungani ya kijani (hati ya mkopo: unamkopesha mtoaji, anakulipa riba na kukurudishia mtaji, na anaahidi kutumia fedha kwa mazingira) iliyoonyeshwa jana kwenye taarifa ya habari, tununue? Biashara ya kaboni, ya kuuza vyeti vya kupunguza hewa ukaa, itafika lini kwetu Muheza? Kuna mzee aliuliza kama hatifungani ya kijani ni ya Chama, na wala hakuwa anatania. Mimi si mchumi. Ninachowajibu nimekisoma, na sehemu kubwa ya ninachosoma nimekipata kwenu. Ndiyo sababu barua hii inakuja kwenu, siyo kwa mabenki wala kwa wauzaji wa kaboni. Mabenki yana wa kuyasimamia: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Benki Kuu. Ninyi, katika jambo hili, mna msomaji tu.

Sikukimbilia barua ya wazi. Nilikiandikia kwanza chumba kimoja cha habari, ambacho sitakitaja, kuuliza kwa nini habari yao kuhusu hatifungani fulani ilifanana neno kwa neno na taarifa ya benki yenyewe, hadi kosa la uchapaji lililokuwamo. Sikujibiwa. Nilipopiga simu nikahamishiwa idara ya matangazo, ambako dada mmoja mpole sana alinitajia bei ya ukurasa mzima na bei ya nusu ukurasa. Kwingine nikaambiwa masuala hayo ni ya "wadau". Basi nimeamua kuandika mbele ya hao wadau.

Lalamiko langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo: mnaandika siku fedha zinapokusanywa, halafu hamrudi kuandika zilipotumika. Kwa mtindo huo mmewafundisha Watanzania kwamba fedha endelevu, yaani hizi za kijani, za kaboni na za tabianchi, ni sherehe.

1. Habari yenu inaishia kwenye kengele

Chukueni hatifungani mbili ambazo karibu kila chombo kiliziandika. Jasiri ya NMB, mwaka 2022, ilitafuta shilingi bilioni 25 kwa ajili ya biashara za wanawake, zikapatikana bilioni 74 na ushee. Kijani ya CRDB, mwaka 2023, ilitafuta bilioni 40 katika awamu ya kwanza, zikaja bilioni 171.8, kwa riba ya asilimia 10.25 na muda wa miaka 5. Vichwa vya habari vilikuwa ndugu wa tumbo moja: imevuka lengo, imevunja rekodi, wawekezaji wajitokeza kwa wingi. Na picha ni ileile: mgeni rasmi, kengele ya Soko la Hisa la Dar es Salaam inayogongwa hatifungani ikiorodheshwa, makofi.

Kuvuka lengo kunatuambia nini? Kunatuambia kwamba watu wenye akiba wanaiamini benki kubwa na wanaitaka riba yake. Ni habari halali, lakini ni habari ya imani kwa benki. Kuhusu mazingira haisemi kitu. Mnunuzi wa hatifungani ya namna hii analipwa na benki kutoka kwenye mapato yake yote, mradi wa umeme wa jua uliokopeshwa ufanikiwe au ukwame. Ukijani wenyewe uko kwenye swali moja: benki inazikopesha wapi fedha hizo, na zingekwenda wapi kama zisingeitwa za kijani? Hapo ndipo habari inapoanzia, na hapo ndipo kamera zenu zinapozimwa. Ni kama kuandika habari ya harusi kwa kutaja kamati ilichangisha kiasi gani, kisha msiulize kamwe kama maharusi wanaishi pamoja.

Jasiri ilikuwa ya miaka 3. Muda wake ulitimia 2025, yaani ilizaliwa, ikakua na ikamaliza safari yake machoni penu. Wawekezaji waliahidiwa asilimia 8.5 kwa mwaka. Je, mama aliyekopeshwa kutoka mfuko huo alitozwa asilimia ngapi? Alikuwa tayari mteja wa benki, au ni mtu ambaye siku zote alikuwa akigeuzwa mlangoni kwa kukosa hati ya nyumba? Wangapi walikuwa wa mikoani? Inawezekana kabisa majibu ni mazuri, na inawezekana yameandikwa vizuri kwenye ripoti ya benki. Siwatuhumu NMB kwa lolote. Nauliza ni nani kati yenu aliyeifungua ripoti hiyo, akapanda basi hadi Kahama au akaenda Mbagala tu, akamtafuta mama mmoja mwenye mkopo huo, akarudi na habari.

Na msiseme hakuna pa kuanzia. Miongozo ya hatifungani za kijani inayofuatwa duniani, ambayo chama cha masoko ya mitaji cha kimataifa, ICMA, kimekuwa kikiitunza tangu 2014, ina mambo manne: fedha zitumike kwa nini, miradi ichaguliweje, fedha zitunzweje, na mtoaji atoe taarifa kila mwaka hadi zote zitakapokuwa zimetumika. Jambo la nne ni zawadi kwa mwandishi wa habari: ahadi ya maandishi kwamba kila mwaka kutakuwa na karatasi ya kuhoji. Tatizo la karatasi hiyo ni kwamba haitolewi hotelini na haina chakula cha mchana.

2. Hamtuambii nani analipa

Hapa naandika kama mteja wa maji.

Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga, Tanga UWASA, ilianza kuuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12: miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, kiwango cha chini cha kununua shilingi 500,000. Ikapata zaidi kidogo ya ilichotafuta, asilimia 103, na Mei mwaka huohuo ikaorodheshwa sokoni. Mamlaka ya maji kwenda yenyewe kwenye soko la mitaji badala ya kusubiri bajeti ya Serikali ni jambo kubwa, na sisi wa Tanga tulijisikia vizuri kuona jina la mji wetu likitajwa kwa kitu kingine kisichokuwa mkonge au treni iliyokufa. Mliandika kwamba "wawekezaji wamemwaga fedha" na kwamba maji yataongezeka Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga. Sawa.

Kitu kimoja hakikupewa nafasi. Ile ni hatifungani ya mapato. Maana yake riba na mtaji vinarudishwa kutokana na mapato ya mamlaka, na mapato ya mamlaka ya maji ni bili. Pigeni hesabu na mimi: asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni takriban bilioni 7.17. Hiyo ni riba ya mwaka mmoja kabla mtaji haujaanza kupungua. Anayeilipa ni mama ntilie wa Ngamiani, ni shule, ni msikiti, ni mimi. "Wawekezaji" hawakumwaga fedha. Walikopesha, na watarudishiwa na faida juu.

Sisemi ni vibaya. Binafsi naona mji unaokopa ili utandaze mabomba, na ukalipa deni hilo kwa maji unayouza, umefanya jambo la kiume kuliko mji unaokaa kusubiri. Ikiwa maji yataongezeka, wateja wakaongezeka na upotevu njiani ukapungua, deni linaweza kulipika bila mtu kuumia. Lakini hiyo "ikiwa" ndiyo habari yenyewe! Bei ya maji haipandi bila EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kuidhinisha, na kabla ya kuidhinisha huwa kunaitishwa mkutano wa kuwasikiliza wananchi. Mwananchi atasema nini mkutanoni kama hajawahi kuambiwa kwamba kuna mkopo, una riba gani, na unaisha lini? Atalalamika tu kwamba maisha magumu, na mtaalamu mwenye slaidi atamshinda.

Kuna mwingine ambaye hamkumhoji. Maji yetu yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa linajazwa na mto Zigi, unaoshuka kutoka milima ya Amani. Ukijani wa hatifungani hii, kama upo, unaanzia kwa mkulima wa huko juu anayeambiwa asilime ukingoni mwa mto. Analipwa nini kwa kuacha kulima? Ningependa kumsikia redioni kwa sauti yake mwenyewe, na afisa uhusiano apumzike siku hiyo.

3. Kaboni: mnatuonyesha hundi ya mfano, basi

Habari ya kaboni Tanzania ina picha yake rasmi: hundi ya mfano, kubwa kuliko mlango, imeshikwa na mkuu wa mkoa upande mmoja na mwenyekiti wa kijiji upande wa pili. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata, vimepata fedha za kweli na vimejenga madarasa na zahanati. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walitangulia hata kabla yao. Ni habari njema na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba kutokana na hundi hizo msomaji wa Lushoto, Kilindi au Handeni ameelewa hivi: ukiwa na miti, Wazungu wanakulipa.

Hajaelezwa kwamba kinachouzwa siyo mti, bali hesabu: makadirio ya hewa ukaa ambayo ingekwenda angani kama msitu ungekatwa. Hesabu hiyo inaanza kwa kukisia mambo ambayo hayakutokea. Ukikisia kwamba msitu wote ungekwisha, una tani nyingi za kuuza. Ukikisia kwamba ungekatwa kidogo, una chache. Kila shilingi ya zahanati ile imeegemea kwenye makisio hayo, na anayeyafanya hajawahi kuhojiwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Wenzenu wa nje walihoji. Januari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza, Die Zeit la Ujerumani na kikundi cha waandishi cha SourceMaterial walidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya kaboni vya misitu ya mvua vilivyothibitishwa na Verra, shirika la kimataifa la kuthibitisha vyeti hivyo, havikuwa na upunguzaji halisi wa hewa ukaa nyuma yake. Verra wakakataa, wakasema mbinu za utafiti zilikuwa na kasoro, na mabishano hayajaisha. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya South Pole ya Uswisi, muuzaji wa vyeti vya kaboni, ilijitoa kwenye mradi mkubwa wa misitu wa Kariba nchini Zimbabwe, baada ya waandishi kuichimba hesabu yake kwa miezi. Na sokoni? Biashara ya hiari ya kaboni duniani, ambamo wanunuzi hawalazimishwi na sheria, iliyokuwa na thamani ya takriban dola bilioni 1.9 mwaka 2022, ilishuka hadi dola milioni 723 mwaka 2023. Habari haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa mojawapo.

Tafakarini hapo. Bei ya tani inayouzwa na kijiji cha Katavi inaweza kuyumbishwa na ukurasa wa gazeti la London ambalo hakuna mtu kijijini anayelisoma. Tena vijiji vyenye miradi safi vinaumia pamoja na vichafu, kwa sababu mnunuzi wa mbali hawezi kuvitofautisha. Nani angewatofautishia? Mwandishi wa hapa, anayejua njia ya kwenda Mpanda. Hamkuwapo. Wanakijiji wenyewe waliona tu malipo yakibadilika, na penye ukimya wa namna hiyo mwenyekiti wa kijiji huitwa mwizi.

Mwaka huo wa 2023 kulikuwa na jambo jingine. Kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitia saini hati za makubaliano ya biashara ya kaboni na nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na eneo lililotajwa kwetu lilikuwa takriban hekta milioni 8 za misitu. Hiyo ni karibu asilimia 8 ya nchi nzima. Maelezo ya kina kuhusu makubaliano hayo niliyasoma kwenye magazeti ya Ulaya, yaliyoweka mezani Liberia, Zambia, Zimbabwe na sisi kwa pamoja. Huku nyumbani ilipita kama habari ya "fursa". Hati ya makubaliano siyo mkataba, najua, na huenda isizae chochote. Basi tuambieni imezaa nini. Mpaka leo nikiulizwa na wanachama sina jibu, na aibu hiyo nagawana nanyi nusu kwa nusu.

Wakenya kidogo wametuzidi. Sheria yao ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka miradi ya ardhi iipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato, na miradi isiyo ya ardhi asilimia 25. Ilipotoka, swali likaanza kuulizwa: asilimia 40 ya nini, ya mapato yote au ya kinachobaki gharama zikishatolewa? Maneno hayo mawili yana tofauti ya mamilioni. Sisi tuna kanuni zetu za mwaka 2022, tuna Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa hiyo wa kumuuliza yupo na anwani yake inajulikana. Huko Longido na Monduli kuna miradi ya kaboni ya udongo kwenye malisho, yenye mikataba ya miongo, na wafugaji wenyewe wamegawanyika. Mnamhoji nani? Mara nyingi, mratibu wa mradi.

4. Tangazo linavaa nguo za habari

Kwa kifupi, maana mnalijua kuliko mimi. Benki ni mtangazaji mkubwa. Ukurasa wa katikati unaosifu "safari yetu ya uendelevu" umelipiwa, lakini umewekwa herufi zilezile, safu zilezile na jina la mwandishi. Neno "Tangazo", likiwapo, linahitaji miwani. Halafu kuna bahasha ya fedha anayopewa mwandishi na mwenye shughuli. Siwalaumu vijana wanaolipwa kwa kila habari na kujitegemea nauli. Nawalaumu mliowaacha walipwe nauli na anayeandikwa.

5. Mkopo mnauita fedha zilizotolewa

Kila baada ya mkutano wa tabianchi tunasoma kwamba Afrika "imepata" mabilioni. Nairobi, Septemba 2023, ziliandikwa dola bilioni 23. Baku, 2024, dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, tena hizo ni za nchi zote zinazoendelea. Ahadi siyo malipo, na malipo siyo lazima yawe msaada. Ile ahadi ya dola bilioni 100 kwa mwaka iliyotolewa Copenhagen 2009, iliyopaswa kutimia 2020, kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe kupitia OECD, jumuiya yao ya kiuchumi, ilitimia 2022, na zaidi ya theluthi mbili ya fedha za umma za mwaka huo ilikuwa mikopo. Yaani sehemu kubwa ya hizo fedha mnazotuambia "tumepata" ni deni la watoto wetu. Kuongeza neno moja, "mkopo", kwenye kichwa cha habari hakuhitaji bajeti.

6. Bomba na maji katika mji mmoja

Sisi Tanga tuna bahati ya kuviona vitu viwili kwa jicho moja. Upande huu tuna hatifungani ya maji ya kijani. Upande ule, Chongoleani, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Benki nyingi za nchi za Magharibi zilijitenga na bomba hilo. Machi 2025 ikatangazwa awamu ya kwanza ya mikopo kutoka nje, na waliotajwa ni pamoja na Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic ya Uganda na KCB ya Uganda. Dada yake huyo wa mwisho, KCB ya Kenya, aliidhinishwa mwaka 2020 kupitisha fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, unaogharimia miradi ya tabianchi katika nchi zinazoendelea.

Kwenye kurasa zenu bomba lina habari za aina mbili: ama ni ukombozi wa uchumi, ama ni njama za wanaharakati wa nje. Mimi nina ndugu waliopata ajira Chongoleani na sitaki kusikia bomba likitukanwa na mtu anayewasha jiko la gesi Paris. Lakini ningependa kusoma makala moja tu inayoweka mambo haya mawili kwenye ukurasa mmoja: kundi moja la benki linaweza kukopesha mafuta na kukopesha kijani, na je, hilo lina tatizo? Wengine watasema nchi maskini ina haki ya vyote viwili. Wengine watasema haiwezekani. Andikeni, tubishane.

Najua mtakachojibu

Mtasema wasomaji wanataka Simba na Yanga. Kweli, hata mimi. Lakini mashabiki haohao wanajua mkataba wa mchezaji unaisha lini, ana kipengele gani na nani anamlipa mshahara, kwa sababu ninyi mliwafundisha. Mtu anayeweza kufuatilia usajili wa dirisha dogo anaweza kufuatilia hatifungani ya miaka 5.

Mtasema sheria zinatisha. Hili nalipa uzito wake. Tunakumbuka marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018, yaliyofanya kupinga namba za Serikali kuwa hatari, hadi yakalegezwa 2019. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nayo imewaumiza baadhi yenu. Lakini waraka wa matarajio wa hatifungani, unaowaeleza wanunuzi masharti yake, ni hati ya umma. Ripoti ya mwaka ya benki ni hati ya umma. Kumsomea mwananchi yaliyoandikwa na benki yenyewe siyo kosa kwa sheria ninayoijua, na kuuliza "mlisema mtafanya hivi, mmefanya?" siyo uchochezi.

Mtasema mkihoji sana mtawakimbiza wawekezaji. Agosti 2021 gazeti la Wall Street Journal liliandika madai ya Desiree Fixler, aliyekuwa mkuu wa uendelevu katika kampuni ya DWS ya Ujerumani, inayosimamia mifuko ya uwekezaji, kwamba kampuni ilikuwa ikitia chumvi kuhusu uwekezaji wake endelevu. Hisa zikaanguka. Mei 2022 polisi wakapekua ofisi Frankfurt, na mkuu wa kampuni akaachia ngazi. Mwaka 2023 mamlaka ya Marekani ikaitoza dola milioni 19, na 2025 waendesha mashtaka wa Frankfurt wakaitoza euro milioni 25. Soko la Ujerumani bado lipo. DWS yenyewe bado ipo. Kilichobadilika ni kwamba kila meneja wa mfuko Ulaya sasa anapima maneno yake kabla ya kujiita wa kijani.

Mtasema hamna waandishi wanaojua fedha. Hapo ninyi ndio waajiri.

Ninachoomba

(a) Kila chombo kilichoandika uzinduzi wa hatifungani ya kijani, ya jamii au ya jinsia, kiandike habari ya pili mwaka ukitimia: kiasi gani kimetumika, kwa miradi ipi, na angalau mkopaji mmoja aliyetembelewa bila afisa wa benki kuwa pembeni. Hatifungani hizi ni chache. Mwandishi mmoja anatosha.

(b) Katika kila habari ya fedha za tabianchi, aya ya kwanza au ya pili itaje kama ni msaada, mkopo au uwekezaji, riba yake, muda wake, na nani anarudisha.

(c) Habari ya kaboni itaje bei ya tani, mgawo wa kila upande, muda wa mkataba na jina la aliyethibitisha hesabu. Mradi ukikataa kuyatoa hayo, mtuambie umekataa.

(d) Kilicholipiwa kiandikwe juu kabisa TANGAZO, kwa herufi za ukubwa wa kichwa cha habari. Na mwandishi akihudhuria kwa nauli ya mwenye shughuli, mseme.

(e) Redio za mikoani zipewe makala hizo kwa Kiswahili cha kawaida. Gazeti la biashara la Kiingereza halifiki Amani wala Ntakata.

Naomba majibu yenu yachapishwe kama barua hii ilivyochapishwa, ili nami niyasome mbele ya kikundi. Ripoti ya kwanza ninayosubiri kuiona mkiichambua ni ya hapa kwetu Tanga, ya maji. Namba ya mita yangu nitampa mwandishi atakayekuja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kikundi cha kuweka na kukopa,
Tanga.

Nakala kwa:
Baraza la Habari Tanzania
Jukwaa la Wahariri Tanzania
Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana
Soko la Hisa la Dar es Salaam
Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni, Morogoro
Wanachama wote, kwenye kundi letu la WhatsApp